Kitunguu Saumu Kinywani mwa Asiyekila

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kusikiliza habari za sumu: asanteni. Nimeombwa nizungumzie madhara ya kampaundi za seleni na teluri, elementi mbili za familia moja, kwa binadamu na wanyama. Naomba nianze na pua.

Katika karne ya 19 madaktari wa Ulaya waliwapa wagonjwa wa tumbo dawa za bismuti, aina ya metali. Baadhi ya wagonjwa wakaanza kunuka kitunguu saumu mdomoni, wala hawakuwa wamekigusa. Madaktari wakaipa hali hiyo jina, wakaiita pumzi ya bismuti, kazi ikaendelea. Kumbe bismuti ilisingiziwa. Ndani ya dawa zile kulikuwa na uchafu kidogo wa teluri, kwani madini haya mawili mara nyingi hukaa pamoja ardhini, na teluri ndiyo iliyokuwa ikinuka. Majaribio ya karne hiyohiyo yalionyesha kwamba mikrogramu 0.5 ya oksidi ya teluri, yaani nusu ya sehemu moja ya milioni ya gramu, humfanya mtu anuke kwa saa 30. Aliyemeza miligramu 15 alinuka kwa siku 237. Nawaachia mfikirie hali ilivyokuwa nyumbani kwake.

Pua imeziandama elementi hizi mbili tangu zilipogunduliwa. Teluri ilipatikana mwaka 1782 katika mawe ya dhahabu ya Transylvania, mikononi mwa Franz-Joseph Müller von Reichenstein, na mwaka 1798 Martin Heinrich Klaproth akaipa jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya dunia. Kisha mwaka 1817, nchini Uswidi, Jöns Jacob Berzelius na Johan Gottlieb Gahn walikuwa wakichunguza mashapo mekundu yaliyobaki katika kiwanda cha asidi ya sulfuri. Walipoyachoma yakatoa harufu kali kama ya figili. Wakemia wa wakati ule waliamini kwamba harufu hiyo ni ya teluri, basi Berzelius naye akahesabu kuwa ameona teluri. Aliporudia kazi yake kwa makini hakuona teluri hata chembe. Alikuwa na elementi mpya mkononi, na kwa kuwa nduguye alikwisha kuitwa dunia, huyu akamwita mwezi, Selene wa Wagiriki.

Nasema nduguye kwa maana kamili. Katika jedwali la elementi wamekaa safu moja: oksijeni juu, chini yake sulfuri, kisha seleni, kisha teluri. Undugu huo ndio unaozaa karibu mambo yote nitakayoeleza. Mwili hutumia sulfuri kila mahali, katika nywele, kucha, misuli na vimeng'enya, na milango yake imezoea kumpitisha sulfuri bila maswali mengi. Seleni hufika mlangoni ikiwa na sura ya familia, ikapita. Teluri nayo hujaribu.

Harufu yenyewe hutokeaje? Mwili unapopata seleni au teluri iliyozidi, huipunguza hadi umbo lake rahisi, kisha huibandika vikundi vya methili, yaani vipande vidogo vya kaboni na hidrojeni. Kinachopatikana, dimethili selenidi au dimethili teluridi, hugeuka mvuke upesi, husafiri na damu hadi mapafuni na kutoka na pumzi. Kwa hiyo mtu anayenuka anatoa takataka nje. Sehemu nyingine ya seleni hutoka kwa mkojo, nyingi ikiwa imeshikamana na sukari. Mtu akiniuliza kama harufu ile ni ugonjwa, humjibu kwamba ni ushahidi wa kuingia. Haisemi kilichoingia ni kiasi gani.

Na hapa ndipo pua inapowapotosha watu. Debe tupu haliachi kuvuma, na kati ya ndugu hawa wawili teluri ndiyo debe. Hunuka kupita kiasi, ilhali vifo vinavyojulikana kutokana nayo ni vya kuhesabu kwa vidole. Tazameni vikomo vinavyotumika kazini Marekani: teluri katika hewa ya kiwandani isizidi miligramu 0.1 kwa mita moja ya ujazo, seleni isizidi 0.2. Msomaji wa haraka atasema basi teluri ni sumu mara mbili ya seleni. Lakini ukifungua orodha ya wataalamu wa usafi wa viwandani, mahali pa kuandika sababu ya kikomo cha teluri wameandika harufu mbaya ya kinywa. Sina ugomvi nao, kwani mtu anayenuka miezi minane hupoteza marafiki. Nataka tu mjue namba ile inapima nini.

Seleni ni habari nyingine. Kikulacho ki nguoni mwako, na seleni imo ndani ya nguo kabisa, imo katika mwili wenyewe, kwa kazi maalumu. Mpaka katikati ya karne ya 20 ilijulikana kama sumu tu. Mwaka 1957 Klaus Schwarz na Calvin Foltz wakaonyesha kwamba panya wanaonyimwa seleni huoza ini. Mwaka 1973 ikabainika kwamba seleni imo katika glutathioni peroksidasi, kimeng'enya kinachozima peroksidi kabla hazijaunguza seli. Leo tunajua kwamba binadamu ana jeni 25 za protini zinazobeba seleni, kila moja ikitumia asidi amino (tofali la protini) ya 21, selenosisteini. Kwa hiyo hatuwezi kuifukuza. Tunaihitaji, ila kidogo mno: mtu mzima anatakiwa kupata mikrogramu 55 kwa siku kwa kipimo cha Marekani, na kikomo cha juu ni 400. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2023 ilishusha kikomo chake hadi 255. Umbali kati ya haja na hatari ni mfupi. Kwa virutubisho vingi una uwanja mzima wa kukosea. Kwa seleni una ujia.

Tuone mtu au mnyama akivuka ujia huo hupatwa na nini.

Seleni ya vyakula na mimea huja zaidi ikiwa selenomethioni, pacha wa methioni, asidi amino ya kawaida yenye sulfuri, ila mahali pa sulfuri pamekaa seleni. Mwili hauwezi kuwatofautisha. Huichukua na kuijenga ndani ya protini zake kana kwamba ni tofali la kawaida. Protini ya nywele, kucha na kwato hupata uimara kutokana na vifungo vya sulfuri kwa sulfuri, na seleni ikiingilia vifungo hivyo hulegea. Chumvi kama seleniti ya sodiamu zina njia nyingine ya kuharibu: hugongana na glutathioni, molekuli ndogo inayoilinda seli, na kuzalisha oksijeni kali, ileile ambayo vimeng'enya vya seleni viliwekwa viizime. Anayezima moto akizidi, anauwasha.

Wanyama waliyajua haya kabla yetu. Mwaka 1856 daktari wa jeshi la Marekani aitwaye T. C. Madison, akiwa Fort Randall kando ya mto Missouri, aliona farasi wa jeshi wakipukutika singa za shingo na nywele za mkia, kisha kwato zikivimba na kupasuka kwa juu, pale zinapokutana na ngozi. Farasi wengine hawakuweza tena kutembea kwenda malishoni, wakafa kwa njaa na kiu zaidi kuliko kwa sumu yenyewe. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1860. Wafugaji wa nyanda zile walilaumu maji ya magadi, wakauita ugonjwa wa magadi, na jina hilo limedumu hata leo ingawa magadi hayana hatia. Ni kisa kilekile cha bismuti: aliye karibu ndiye anayekamatwa.

Jibu lilipatikana miaka ya 1930 huko South Dakota, Kurt Franke na wenzake walipoonyesha kwamba sumu imo ndani ya nafaka na majani yenyewe, nayo ni seleni iliyofyonzwa kutoka kwenye udongo. Kuku waliolishwa nafaka hizo walitaga mayai yasiyoanguliwa, na ndani yake vifaranga wenye maumbo yaliyoharibika. Kuna mimea, hasa aina kadhaa za jenasi ya Astragalus, ambayo hujaza seleni hadi maelfu ya miligramu kwa kilo moja ya majani makavu, nayo hunuka kitunguu saumu kwa sababu ileile inayowafanya watu wanuke. Mifugo huikwepa ikiwa na chaguo. Ikikosa chaguo huila, na malisho ya kawaida yenye miligramu 5 tu kwa kilo yanatosha kuwadhuru wakiyala kwa wiki nyingi.

Mtasikia pia kwamba Marco Polo, msafiri wa Venice wa karne ya 13, alikuwa wa kwanza kueleza ugonjwa huu, eti aliona farasi waliokula mmea wenye sumu wakipoteza kwato njiani kuelekea China. Kila mhadhara wa seleni una kisa hicho. Mimi sikitumii, kwa sababu mmea wenye sumu si lazima uwe mmea wenye seleni, na hakuna aliyepima.

Nguruwe hupatwa tofauti na farasi. Wakizidishiwa seleni, sehemu ya kijivu ya uti wa mgongo hulainika na kuoza, miguu ikapooza. Wana-kondoo na ndama huchomwa sindano za seleni ili kuwakinga na ugonjwa wa misuli myeupe, unaoletwa na upungufu wake, na dozi ikikosewa huanguka wakihema na kufa ndani ya saa chache. Dawa ni ileile na chupa ni ileile.

Kwa binadamu, kisa kinachofunza zaidi kiko China, tena kwa pande zote mbili. Katika wilaya ya Keshan, kaskazini-mashariki, mwaka 1935 watu walikufa kwa moyo uliolegea, hasa watoto na wanawake wa umri wa kuzaa, na baadaye ikaonekana kwamba udongo wao una uhaba mkubwa wa seleni. Vidonge vya seleniti ya sodiamu vikaupunguza ugonjwa huo sana. Katika nchi hiyohiyo, wilaya ya Enshi mkoani Hubei, kati ya mwaka 1961 na 1964 watu walianza kupoteza nywele na kucha. Katika vijiji 5 vilivyoathirika zaidi karibu nusu ya wakazi waliugua. Chanzo kilikuwa makaa ya mawe yenye seleni nyingi, yaliyomomonyoka na kuingia udongoni, na chokaa iliyotiwa mashambani iliirahisishia mimea kazi ya kuifyonza. Mpunga ulipokosekana kwa ukame watu wakala zaidi mahindi na mboga za palepale. Vipimo vya baadaye vilionyesha wastani wa karibu miligramu 5 kwa siku. Linganisheni na mikrogramu 55 mtaona ni mara tisini hivi. Nywele zilikatika usawa wa ngozi, kucha zikapata mistari, zikadondoka, na mpya zilizoota nazo zikawa dhaifu. Wengine walikufa ganzi miguuni. Waliohamishwa kutoka maeneo hayo au kubadilishiwa chakula, nywele zao ziliota tena.

Ndege wa Kesterson huko California hawakupata nafasi ya kuhama. Maji yaliyotoka kwenye mashamba ya umwagiliaji ya bonde la San Joaquin yalielekezwa kwenye mabwawa yale, yakiwa na seleni takriban mikrogramu 300 kwa lita. Wadudu na mimea ya majini waliikusanya zaidi, na ndege wakawala wadudu. Mwaka 1983 watafiti wakafungua mayai wakakuta vifaranga wasio na macho, wenye midomo iliyopinda na miguu isiyokamilika. Hakuna mtu aliyemwaga pipa la sumu pale. Maji yalikuwa yanasafisha udongo wa kawaida wa shamba.

Lakini mkinibana niseme leo seleni inamdhuru nani zaidi, sitataja udongo. Nitataja nukta ya desimali. Mwaka 2008 nchini Marekani kirutubisho kimoja cha maji kiliuzwa kikiwa na maandishi ya mikrogramu 200 kwa dozi. Kilipopimwa kilikuwa na 40,800. Watu 201 waliugua katika majimbo 10: kuhara, uchovu, maumivu ya viungo, nywele kutoka kwa mafungu, kucha kubadilika rangi. Walikuwa wanakunywa afya, na wengi waliendelea kunywa wakidhani mwili umeishiwa nguvu. Mwaka uliofuata, mwezi Aprili 2009, huko Wellington, Florida, farasi 21 wa mchezo wa polo walichomwa sindano ya vitamini na madini iliyochanganywa kwa agizo maalumu, wakaanza kuanguka uwanjani muda mfupi kabla ya mechi. Wote 21 walikufa. Maabara ya jimbo ikakuta seleni mwilini mwao kwa kiasi cha kuua. Ndiyo maana mimi huwakataza wanafunzi wangu kifupisho cha herufi mbili kwa mikrogramu, kisije kikasomwa kama miligramu. Wanaliandika neno lote, hata kama wananinung'unikia.

Sasa maabara na karakana, na hapa nitakwenda haraka kidogo. Msiulize kama seleni ni sumu, ulizeni ni seleni ipi. Seleni ya kijivu, elementi tupu, haiyeyuki na mwili hauifyonzi vizuri. Mtu aliyemeza chembe yake ana bahati. Salfidi ya seleni, iliyo katika shampuu za mba, haipenyi ngozi nzima kwa kiasi cha kutisha. Dioksidi ya seleni ni mambo mengine: huchoma ngozi, na ikiingia chini ya kucha maumivu yake hayasahauliki. Asidi ya seleniasi, inayotumika katika maji ya kupaka chuma cha bunduki rangi ya bluu iliyokolea, imeua watu, watoto wakiwemo, kwa mafundo machache tu: huunguza koo na tumbo, kisha shinikizo la damu huporomoka na moyo kushindwa.

Gesi ya hidrojeni selenidi ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Kikomo chake kazini ni sehemu 0.05 kwa milioni ya hewa. Hunuka kama figili iliyooza, lakini harufu hiyo haidumu puani. Huwasha pua na koo, kisha hisia ya kunusa hupumbaa, na anayedhani hewa imesafika anavuta kifua kizima. Mapafu huweza kujaa maji saa kadhaa baadaye, mtu akiwa amekwisha kwenda nyumbani. Ukiisikia hata mara moja, toka, na asiyeonekana kuumwa akae chini ya uangalizi wa daktari.

Dawa ya kuiondoa seleni mwilini hakuna. Dimekaproli, inayosaidia kwa aseniki na zebaki, hapa haishauriwi, kwa sababu kwa wanyama iliongeza madhara badala ya kuyapunguza. Kinachobaki ni kuacha chanzo na kumhudumia mgonjwa. Jambo la ajabu ni kwamba aseniki yenyewe huipinga seleni: mwaka 1938 A. L. Moxon aliwatilia panya aseniki katika maji ya kunywa, nao wakastahimili chakula chenye seleni kilichowaua wenzao. Sumu mbili zilishikana zikatoka pamoja kwa nyongo. Tafadhali msiende kujaribu.

Nirudi kwa debe letu, maana nimelisema vibaya kwa muda mrefu na halistahili yote. Teluri haina kazi yoyote inayojulikana katika mwili wa binadamu, na wafanyakazi wa viwanda vya chuma na mpira waliovuta moshi au vumbi lake walilalamikia pumzi, ladha ya chuma mdomoni, kukauka kwa mate, usingizi na kukosa hamu ya kula. Wengine waliacha kutoka jasho. Ila katika umbo linaloyeyuka huua. Mwaka 1946 jarida moja la Uingereza lilieleza wagonjwa watatu waliopaswa kutiwa dawa ya kuonyesha figo katika picha ya eksirei. Kwa makosa wakatiwa, kwa mrija, teluriti ya sodiamu. Walitapika, wakapauka hadi kuwa na rangi ya bluu, chumba kikanuka kitunguu saumu, na wawili kati yao wakafa siku hiyohiyo. Wakemia wawili waliovuta heksafluoridi ya teluri walipona, lakini walipata mabaka meusi yenye bluu kati ya vidole, na mabaka yakakaa wiki kadhaa.

Kuna swali ambalo mwanafunzi mmoja alinituma nilijibu hadharani: kama teluri haiui watu wengi, kwa nini wanasayansi wa neva wanaipenda? Jibu liko kwa panya wadogo wanaoachishwa ziwa. Wakilishwa chakula chenye teluri zaidi kidogo ya asilimia moja, ndani ya siku chache miguu ya nyuma hulegea, wakaburuza. Teluri huzuia kimeng'enya kimoja, skwalini epoksidasi, kilicho katika njia ya kutengeneza kolesteroli. Kolesteroli ndiyo matofali ya mafuta yanayoizunguka neva kama mpira unavyozunguka waya wa umeme, na panya wa umri ule wako katikati ya ujenzi. Ujenzi ukikosa matofali, hata ukuta uliokwisha kusimama hubomoka. Panya mkubwa, aliyemaliza kujenga, haathiriki sana. Na yule mdogo, hata akiendelea kulishwa chakula kilekile chenye teluri, seli zake huanza kuijenga upya ala ya neva, na baada ya wiki chache anasimama na kutembea, akinuka kitunguu saumu.